Jinsi ya kumjadili kocha mpya wa mashambulizi kijiweni Iowa City bila kuumbuka

Jimbo la Iowa halina timu kwenye NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani. Mapenzi yote ambayo nyumbani tunayagawa kati ya Simba, Yanga na timu ya mkoa, hapa Iowa City yameangukia vijana wa chuo: Hawkeyes wa Chuo Kikuu cha Iowa, wenye uwanja wa Kinnick unaomeza watu karibu 70,000. Na mechi zenyewe ni chache. Msimu unaanza mwisho wa Agosti, unaisha Novemba, na timu ikibahatika inapata mechi ya ziada ya kufungia mwaka. Baada ya hapo ni maneno matupu mpaka Agosti irudi.

Siku ya mechi mgeni anaweza kujificha. Wenzake wakishangilia, naye anashangilia. Kwenye maneno hakuna pa kujificha. Zamu yetu ya usiku ghalani ina Wakongo wa Uvira na Bukavu, Wasudani, Wameksiko, na wazawa waliokulia kwenye mashamba ya mahindi ya hapa jirani. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye ubishi wa Coastal Union na Yanga, na kukaa kijiweni nikiwa bubu ni adhabu nisiyoiweza. Basi haya ni kwa ajili ya ndugu anayekaa pembeni na chai yake wakati wa mapumziko, anasikia "kocha wa mashambulizi, kocha wa mashambulizi", na hajui aingilie wapi.

Mjue kwanza anayesemwa

Kwenye soka tunamlaumu kocha mkuu, na wasaidizi wake wengi hata majina hatuyajui. Huku kocha mkuu anaweza kumaliza mechi nzima bila kupanga shambulizi hata moja. Chini yake wapo wakuu wawili, mmoja wa ulinzi na mmoja wa mashambulizi, na huyu wa pili ndiye anayechagua nini kifanyike kila timu inapokuwa na mpira. Mchezo mmoja ukikatika, wachezaji wanajipanga upya, saa inahesabu sekunde 40, amri inatoka kwa kocha, mpira unaanza tena. Hivyo hivyo mechi nzima. Kwa hiyo kila shambulizi lililokwama lina mwenyewe, na kila aliyekaa jukwaani, pamoja na bibi kizee aliyejifunika blanketi la njano na nyeusi, anaamini yeye angetoa amri bora zaidi.

Iowa ina kisa chake, na bila kukijua kisa hiki hutaelewa kwa nini watu wanapandisha sauti. Kirk Ferentz ni kocha mkuu tangu msimu wa 1999. Mwaka 2017 kazi ya mashambulizi ilimwangukia mwanawe, Brian. Ulinzi wa Iowa ulikuwa ukuta wa kweli. Mashambulizi yalikuwa msiba. Septemba 2022 waliifunga South Dakota State, chuo cha daraja la chini yao, 7–3 bila kuingiza mpira eneo la mwisho, ambako ndiko kufunga kwenyewe kwa huku, hata mara moja. Walipiga teke moja la pointi 3, halafu mara mbili walinzi wao walimwangusha mpinzani ndani ya eneo lake mwenyewe, pointi 2 kila mara. Papa mmoja wa Uvira ninayefanya naye kazi, nilipomsimulia, aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo mabeki ndio walifunga?" Ndiyo, papa. Mabeki ndio walifunga.

Februari 2023 mkataba wa Brian uliandikwa upya na masharti yake yakawa ya kila mtu kujua. Mshahara ulipunguzwa dola 50,000 ukabaki 850,000, na timu ilitakiwa ishinde angalau mechi 7 na ifikishe wastani wa pointi 25 kwa mechi. Mechi 13 mara 25 ni 325, na hiyo 325 ikawa wimbo wa jimbo zima. Kila Jumamosi jioni watu wanatoa na kujumlisha kama makarani wa benki. Wastani uliishia 15.4. Kwa yadi, yaani umbali walioweza kuusogeza mpira, timu ilishika mkia nchi nzima, ya 133 kati ya 133, yadi 234.6 kwa mechi. Na bado ilishinda mechi 10! Kipenzi cha mashabiki mwaka ule alikuwa Tory Taylor, Mwaustralia ambaye kazi yake ni kuupiga mpira teke kwenda mbali wakati mashambulizi yameshindwa. Alikuwa na kazi nyingi sana. Oktoba 30, msimu ukiwa bado unaendelea, chuo kilitangaza kwamba Brian hatarudi mwaka unaofuata. Mwanzoni mwa 2024 akaletwa Tim Lester.

Uliza amekuta nini

Kocha mpya akitangazwa, kijiwe kinagawanyika papo hapo. Kwa Lester, upande mmoja ulisema katoka Green Bay Packers, timu kubwa ya kulipwa, basi shida zimekwisha. Upande wa pili ukasema huyu alikuwa kocha mkuu wa chuo cha Western Michigan kuanzia 2017 hadi 2022, akashinda 37 akapoteza 32, akaondolewa; atatusaidia nini? Usijiunge na upande wowote. Packers alikaa mwaka mmoja tu, tena kama mchambuzi. Na Western Michigan alikuwa na wachezaji wengine kabisa, bajeti nyingine, wapinzani wengine.

Uliza mambo matatu. Kwotabaki ni nani, yaani yule kijana anayeupokea mpira wa kwanza na kuamua uende wapi? Safu ya mbele, wale watano wanene wanaosukumana na walinzi, imebaki na nani? Na kocha mkuu amemruhusu afanye nini? Kwingine swali la tatu ni dogo. Iowa ndilo zito kuliko yote, kwa sababu mzee Ferentz anajulikana anachotaka: kimbia na mpira, usiupoteze, waachie walinzi wamalize kazi. Anayeota kwamba kocha mpya atarusha pasi hamsini kwa mechi, mwambie tu kwa upole, "Kocha mkuu ni yuleyule, mzee." Nimeona sentensi hiyo ikinyamazisha meza nzima.

Safu ya mbele ndiyo ningependa uing'ang'anie, maana ndiyo watu wanaisahau. Mfumo wa Lester unatokana na shule ileile ya Packers. Mpira ukianza, wale watano wote wanapiga hatua upande mmoja kwa pamoja, kama kaa, na kuwavuta walinzi nao waende huko. Mkimbiaji anafuata taratibu, anachungulia, akiona mwanya anakata ghafla na kupenya. Si lazima ajue mwanya utakuwa wapi. Kabla ya mpira kuanza, mchezaji mmoja anakatiza kutoka upande huu kwenda ule, na walinzi wakimfuata wanakuwa wamejionyesha wamejipanga vipi. Walinzi wakishazoea kukimbizwa, kwotabaki anajifanya anampa mkimbiaji mpira, anauficha kiunoni, kisha anarusha pasi juu yao. Ukielewa hayo utaona kwa nini mfumo huu hauhitaji kwotabaki wa ajabu, ila unahitaji watu watano wa mbele wenye miguu myepesi wanaoelewana. Mmoja akichelewa hatua moja, mkimbiaji anaangushwa nyuma ya mstari na kocha anatukanwa.

Takwimu: chimba kidogo

Wastani wa pointi kwa mechi ndiyo namba ya kwanza utakayotupiwa. Jibu lako liwe swali: zimetoka wapi? Pointi za walinzi walionyakua pasi na kukimbia nayo zinahesabika za timu. Hata ule mkataba wa pointi 25 haukutenganisha.

Msimu wa kwanza wa Lester, 2024, wastani uliruka kutoka 15.4 hadi zaidi ya 27. Mtu akisimama hapo, anampa Lester taji. Chimba. Mkimbiaji Kaleb Johnson peke yake alipata yadi 1,537 na kuvuka mstari wa mwisho mara 21 kwa miguu yake, akaenda kusajiliwa na timu ya kulipwa, Pittsburgh Steelers. Pasi za Iowa zilibaki miongoni mwa dhaifu kabisa nchini, na waliocheza kwotabaki walikuwa watatu kabla msimu haujaisha. Timu ilishinda 8 ikapoteza 5. Sasa nani alibadilisha mambo, Lester au Johnson? Ubishi huo ulitulisha kipindi kizima cha baridi.

Mimi nampa Lester sehemu kubwa. Johnson alikuwepo 2023 pia, jeraha likimsumbua, na hakufikisha hata yadi 500. Mkimbiaji hakuzaliwa upya, amefunguliwa njia. Lakini kwenye pasi simtetei kocha, na mtu akinibana hapo namwachia hoja yake. Ukitaka kuonekana umekomaa, usibishe kila kitu. Toa upande mmoja, ushikilie mwingine.

Namba ya pili ninayoipenda ni jaribio la tatu. Timu ina majaribio manne kusogeza mpira yadi 10, na la nne kwa kawaida wanapiga teke, kwa hiyo la tatu ndilo la kufa na kupona. Angalia zimebaki yadi ngapi wakifika hapo. Wakifika zikiwa mbili au tatu, amri za mwanzo zilikuwa nzuri. Zikiwa tisa kila mara, hata pasi nzuri haitawaokoa, na tatizo lilianza jaribio la kwanza. Sema hivyo kijiweni, utaona vichwa vinageuka.

Kalenda ya maneno

Desemba vijana wa sekondari wanatia saini kujiunga na vyuo. Pita haraka hapo. Wengi wao hutawaona uwanjani mwaka wa kwanza.

Januari ndiyo moto, kwa sababu ya dirisha la usajili. Zamani mchezaji akihama chuo alikaa nje mwaka mzima. Siku hizi anahama na kucheza, na tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kuanzia 2026 dirisha limebaki moja tu, Januari 2 hadi 16. Lile la Aprili limefutwa. Kocha wa mashambulizi asiye na kwotabaki katikati ya Januari ana shida, na huo ndio wakati wa kumpima kwa haki. Januari 2025 Iowa walimchukua Mark Gronowski kutoka South Dakota State, aliyekwisha kutwaa ubingwa wa daraja lao mara mbili. Ni yuleyule aliyekuwa kwotabaki upande wa pili siku ile ya 7–3. Alishakutana na wale mabeki, bado akaja. Akafanyiwa upasuaji wa bega, mazoezi ya majira ya kuchipua akayatazama tu.

Mazoezi hayo ni 15, Machi na Aprili, na taarifa zake ni za kusoma kwa tahadhari. Kila mwaka kuna kijana ambaye "anatisha mazoezini" halafu Septemba anakaa benchi. Soma kitu kimoja: nani amesimama kwenye safu ya kwanza ya mbele. Julai makocha wa ligi yao, Big Ten, wanakutana na waandishi na kusema maneno matamu, lala. Agosti kuna siku ya watoto uwanjani Kinnick, mazoezi ya wazi, unaingia bure. Nenda. Keti nyuma ya goli badala ya katikati, maana kutoka huko mianya ya safu ya mbele inaonekana kama mitaa ya mji.

Adabu

Kirk Ferentz usimtukane mbele ya wazee. Msimamo wake wakosoe utakavyo, lakini watu wamelea watoto na wajukuu akiwa kocha yeye. Kisa cha mwanawe waache wao wakianzishe. Wewe changia ukiulizwa. Na ile desturi ya uwanja mzima, robo ya kwanza ikiisha, kugeuka na kuwapungia mkono watoto waliolazwa kwenye hospitali iliyo mkabala, isifanyiwe utani wa aina yoyote. Utani wa nguruwe unaruhusiwa: mshindi kati ya Iowa na Minnesota anabeba sanamu ya nguruwe wa shaba, na sisi Waislamu wa zamu ya usiku tumeshatamka mapema kwamba huyo tunamshangilia kwa mbali.

Usihukumu kwa mechi ya kwanza. Lester alifungua na ushindi wa 40–0 dhidi ya Illinois State, na kufika mapumziko ilikuwa 6–0 tu, watu wameshaanza kumkumbuka Brian. Kirk mwenyewe hakuwepo, alikuwa anatumikia adhabu ya mechi moja, kwa hiyo wachokozi walikuwa na lao la kusema. Subiri mpaka mechi za ligi.

Mwisho, kagua kofia ya unayezungumza naye. Ikiwa nyekundu na ya dhahabu, ni wa Iowa State, chuo hasimu cha jimbo hilihili, kutoka Ames. Walikuja Kinnick kwenye mechi ya pili ya Lester wakashinda 20–19, na atakukumbusha kabla hujamaliza kulitamka jina la kocha. Huyo mwulize habari za mahindi yake na mvua ya mwaka huu.