Kupima doa la fokasi la hadubini ya fluoresensi kwa vishanga

Juzi nilikaa na mwanafunzi aliyepima doa la fokasi (doa dogo ambalo lenzi hukusanyia mwanga) la hadubini yake ya konfokali, ile inayopokea mwanga wa fokasi tu, mara nne, akapata majibu manne. Alishaanza kuilaumu lenzi. Lenzi ilikuwa nzima; kasoro ilikuwa kwenye slaidi, palepale iliponikwamisha mimi zamani.

1. Piga hesabu kwanza

Upana wa doa kwenye nusu ya kilele ni 0.51 mara urefu wa wimbi la leza, gawanya kwa NA (kipimo cha upana wa pembe ya mwanga ambayo lenzi hukusanya) iliyoandikwa ubavuni mwa lenzi. Leza ya nanometa 488 na lenzi ya mafuta ya NA 1.4 hutoa nanometa 178 hivi. Kwa kimo, yaani kufuata mwelekeo wa mwanga, doa ni refu zaidi, karibu nanometa 460. Ziandike namba hizi mahali utakapoziona wakati wote wa kupima.

2. Vishanga

Hivi ni vitufe vidogo sana vinavyong'aa vikipigwa na leza. Chukua vya nanometa 100. Vikubwa zaidi vitakupa upana wao badala ya upana wa doa, na vidogo zaidi hufifia kabla hujamaliza. Vitikise kwa mawimbi ya sauti dakika chache, kisha vizimue mpaka kila kimoja kikae mikromita kadhaa kutoka kwa mwenzake.

3. Slaidi

Hapa usiharakishe. Tone la vishanga liweke juu ya kile kioo chembamba cha kufunikia, SI juu ya slaidi. Kikikauka, weka gundi ya kufunikia kwenye slaidi, ndipo ukipindue kioo juu yake.

Mimi nilidondosha kwenye slaidi, nikafunika kwa maji, nikapoteza siku mbili. Doa likitazamwa kutoka juu lilikuwa karibu sawa, kwa hiyo sikushuku kitu. Nilipolikata kwa ubavu nikaona mkia mrefu upande mmoja, kama kimondo. Nilirekebisha leza, nikasafisha lenzi, nikabadili mafuta, mkia ukabaki. Sababu ni kwamba mafuta na kioo hupinda mwanga karibu sawa, 1.515, lakini maji ni 1.33. Mwanga ukipita kwenye maji hata mikromita kumi tu, miale ya pembeni mwa lenzi haikutani tena na ile ya katikati kwenye kina kimoja. Kishanga kikigusa kioo cha kufunikia, safari hiyo ya majini karibu inakwisha.

Mambo mengine yanayoleta mkia kama huo: kioo kisicho na unene wa milimita 0.17 (tafuta kilichoandikwa 1.5, au 1.5H ambacho unene wake hautofautiani sana, na mimi situmii kingine), kiputo cha hewa ndani ya mafuta, na slaidi iliyolala upande. Gundi ambayo haijakauka sawasawa huacha vishanga vielee, navyo huonekana vimepinda. Mimi huiacha ilale usiku kucha. Kama lenzi ina pete ya kurekebisha tofauti ya unene wa kioo, izungushe pete hiyo polepole huku ukitazama.

Jaribio ninaloliamini: panda mikromita moja juu ya fokasi, kisha shuka moja chini yake. Miduara inayotokea ifanane pande zote mbili. Isipofanana usipime chochote, rudi kwenye slaidi.

4. Picha

Pikseli ya nanometa 50, hatua ya nanometa 100 kwa kimo. Punguza leza mpaka pasiwe na pikseli hata moja iliyojaa, kwa sababu kilele kilichokatwa hupanua kipimo.

5. Hesabu kwenye Fiji (programu ya bure ya kuchambua picha)

Chora mstari katikati ya kishanga kwenye picha ghafi, isiyolainishwa, toa thamani zake, halafu ulinganishe na mkunjo wa Gauss, wenye umbo la kengele. Katika fomula ya Fiji, *a* ni mwanga wa nyuma na *d* ndiyo unayoitaka: zidisha *d* kwa 2.355 upate upana kwenye nusu ya kilele. Kama ulipima kwa pikseli, zidisha tena kwa ukubwa wa pikseli. MetroloJ, programu ndogo ya kuongezea kwenye Fiji, hufanya yote haya yenyewe, lakini fanya vishanga vitatu kwa mkono kwanza ili ujue inachokifanya.

Pima angalau kumi, uchukue thamani ya katikati. Kishanga kinachong'aa maradufu kuliko wenzake kiache, huenda ni viwili vilivyogandana. Nikipata nanometa 200 kwa upana na 550 kwa kimo naridhika. Kimo kikifika 900, naishika slaidi kabla ya kuigusa lenzi.