Jinsi ya Kuchukua Sampuli ya DNA kwa Mtoto Mwenye Usonji

Utafiti wa jeni za usonji unahitaji sampuli tatu: ya mtoto, ya mama mzazi na ya baba mzazi. Mabadiliko mengi yenye athari kubwa, kama yanayokutwa kwenye jeni za CHD8 na SHANK3, ni mapya: mtoto anayo, wazazi hawana. Bila sampuli ya baba hutajua kama badiliko limezuka kwa mtoto au limerithiwa. Panga siku ambayo wote watatu watapatikana.

Ridhaa ije kwanza. Fomu ieleze kama familia itapewa majibu, na kwamba kulinganisha sampuli tatu kunaweza kufichua kuwa baba anayejulikana si baba wa damu. Namna ya kulishughulikia hilo iamuliwe na kupitishwa na kamati ya maadili kabla hamjaanza. Tena saini ya mzazi peke yake haitoshi. Mtoto asiyezungumza naye hukataa: hugeuza uso, husukuma mkono, hujificha nyuma ya mama. Akifanya hivyo, simama. Kumkandamiza mtoto kwa ajili ya utafiti usiomtibu ni kosa, hata kama mzazi amekubali.

Siku kadhaa kabla, mpe mzazi picha nne au tano za kumwonyesha mtoto kwa mfuatano: chumba, mtu atakayemhudumia, kifaa, kisha kitu anachokipenda. Muulize pia mtoto hupokeaje kupigwa mswaki. Anayepigana na mswaki atapigana na sponji ya kukusanyia mate.

Anza na mate, si damu. Mtoto asile, asinywe wala asipige mswaki kwa dakika 30, kwani mabaki ya chakula huharibu sampuli. Vifaa vingi huhitaji mililita 2 za mate. Povu halihesabiki, na hapo ndipo wengi hukosea: chupa huonekana imejaa, kumbe mate ni nusu. Asiyeweza kutema, weka sponji kati ya shavu na fizi mpaka ilowe, ikamulie kwenye chupa, rudia. Shika mpini muda wote, maana sponji iliyong'atwa ikakatika inaweza kumpalia. Dawa ya kuhifadhi isiguse mdomo wa mtoto. Huchanganywa na mate baada ya kufunga kifuniko.

Damu ichukuliwe pale tu maabara inapoihitaji kweli, kwa mfano kwa kipimo cha RNA, yaani nakala zinazoonyesha jeni zipi zinafanya kazi. Siku ikiwa na tathmini ya tabia kama ADOS-2 (kipimo cha dalili za usonji), sindano iwe ya mwisho kabisa. Mtoto aliyetoka kulia hupata alama zisizomwakilisha. Krimu ya ganzi ipakwe dakika 60 kabla, mikono yote miwili, ili mshipa wa kwanza ukikosekana usianze kusubiri upya. Ukikosa mara mbili, acha. Wazazi huogopa kiasi cha damu kinachochukuliwa, basi waeleze: mtoto wa kilo 15 ana damu ya takriban mililita 1,100, hivyo mililita 5 hazifiki nusu ya asilimia moja.

Kwa damu ya DNA, tumia tyubu ya EDTA (dawa inayozuia damu kuganda) yenye kizibo cha zambarau. Heparini, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, huzuia kipimo cha PCR kinachonakili DNA. Ipindue polepole mara 8 hadi 10. Usipoipindua damu huganda, ukiitikisa kwa nguvu chembe hupasuka.

Bandika msimbo, si jina, familia ikiwa bado mbele yako. Sampuli za mama na binti zikibadilishana, kuzilinganisha hizo mbili hakuonyeshi kosa, kwa sababu uhusiano wao unabaki uleule. Ya baba ndiyo hufichua: itaonekana anahusiana kwa damu na "mama" wa kwenye karatasi.

Mate yaliyochanganywa na dawa hukaa salama kwenye joto la chumba. Damu ya DNA iingie kwenye friji ya nyuzi 4 siku hiyohiyo, na DNA itolewe ndani ya siku chache.