Kurudisha mng'aro wa kromu kwenye vipande vya plastiki vya midoli ya zamani

Roboti wa Optimus Prime, ambaye kampuni ya Hasbro ya Marekani ilianza kumuuza mwaka 1984 kwa kutumia kalibu za Takara ya Japani, hugeuka kuwa lori lenye mabomba mawili ya moshi yanayong'aa kama kioo. Katika midoli mingi ya aina hiyo iliyopita mikononi mwa watoto, rangi nyekundu ya mwili bado ni nzima, lakini mabomba hayo yamechubuka kwenye ncha na pembe hadi plastiki tupu ikaonekana. Hali ni hiyohiyo kwa bampa na rimu za magari ya kuchezea, na kwa silaha ndogo za maroboti. Maelezo yanayofuata yanahusu vipande vya namna hiyo.

Kwanza ieleweke ni kitu gani kilichochubuka. Tunakiita kromu kwa mazoea tu, kwa sababu kwenye midoli ya plastiki kwa kawaida huwa ni alumini. Kiwandani, kipande hupakwa vanishi ili uso wake uwe laini kabisa, kikaingizwa ndani ya chemba iliyonyonywa hewa, kisha alumini hupashwa moto hadi igeuke mvuke na kutua juu ya kipande kama umande. Mwishowe hupakwa vanishi nyingine angavu ya kukinga. Utando huo wa alumini haufikii hata unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Hata vipande vya rangi ya dhahabu kwa kawaida vina alumini ileile, na umanjano umo kwenye vanishi ya juu. Ndiyo maana mtu akikisugua kipande cha dhahabu kwa spiriti anaweza kushangaa kukiona kimegeuka cha fedha.

Kutokana na wembamba huo, dawa za kung'arishia shaba na vyuma hazifai kabisa hapa. Nimewahi kujaribu kuondoa doa kwenye bampa ya gari dogo kwa dawa ya aina hiyo, na baada ya kusugua kidogo tu kitambaa kilikuwa cheusi huku bampa ikiwa nyeupe. Doa lilitoka, na kromu ikatoka nalo.

Kwa hiyo anza kwa kuosha, kwani mara nyingi kinachoonekana kama kuchakaa ni mafuta ya vidole na vumbi lililogandamana. Kichomoe kipande kwenye mdoli ikiwa kinachomoka bila kulazimishwa, kitie kwenye maji ya vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, ukipitishie mswaki laini wa mtoto bila kukandamiza, kisha ukisuuze na kukikausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Sehemu zenye stika au skrubu zisiloweshwe. Ikiwa baada ya hapo kipande kinang'aa kwa sehemu kubwa, ushauri wangu ni kukiacha kilivyo, kwa sababu kromu ya kiwandani yenye michubuko miwili mitatu bado hupendeza kuliko nyingi zinazopakwa nyumbani.

Michubuko midogo hutibika kwa kalamu ya wino wa kromu. Inayojulikana zaidi kwa watengenezaji wa modeli ni ya Molotow, ambayo hupatikana kwa ncha za milimita 1, 2 na 4. Itikise, bonyeza ncha juu ya karatasi hadi wino ushuke, kisha gusa mahali palipochubuka na uache wino utambae wenyewe. Kosa la kawaida ni kuipitisha ncha mara ya pili mahali ambapo wino umeanza kukauka: hapo uso hukwaruzika, na badala ya kioo unapata kijivu cha sufuria. Kama tone la kwanza halikutosha, subiri hadi kesho. Kipande kisiguswe kwa siku kadhaa, kwa kuwa wino huu hukauka polepole na alama ya kidole huufifisha moja kwa moja.

Ikiwa zaidi ya nusu ya kromu imekwenda, ni afadhali kuivua yote. Jiki ya kawaida, ile ya kufulia nguo nyeupe, huyeyusha alumini bila kudhuru plastiki ngumu. Vaa glovu, fanya kazi hiyo nje au dirishani, tumbukiza kipande kwenye chombo cha plastiki kisichofunikwa, na utaona fedha ikiyeyuka, pengine kwa dakika chache, pengine kwa saa kadhaa kama vanishi ya juu bado ni imara. Usichanganye jiki na siki, dawa ya kusafishia choo wala kitu chochote chenye amonia, kwani gesi inayotoka ni sumu. Pia usifanye haraka kwa kutumia asetoni au thina, kwa maana plastiki nyingi za midoli huyeyuka ndani yake.

Baada ya kusuuza na kukausha, inakuja sehemu ambayo wengi huiruka na ndiyo inayoamua kila kitu. Rangi ya kromu ni nyembamba mno kuweza kuficha chochote. Hufuata uso ulio chini yake, na kila mkwaruzo utakaoachwa utaonekana maradufu. Piga msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, ukilowesha kila mara na kuzunguka pembe kwa uangalifu ili usizile. Halafu puliza rangi nyeusi inayong'aa kwa mikono (yaani tabaka) myepesi, kopo likiwa umbali wa sentimita 20 hivi, ukiacha kila mkono ukauke kabla ya unaofuata. Nyeusi hiyo ndiyo inayoipa kromu kina cha kioo. Juu ya nyeupe au kijivu, kromu hiyohiyo huonekana kama rangi ya fedha tu.

Ili kujua kama umefika, shika kipande chini ya taa ndefu ya tyubu na utazame taswira yake kwenye weusi. Kingo za taa zikionekana zimenyooka kama uzi, endelea. Zikiwa zimekunjamana kama ngozi ya chungwa, rudi kwenye msasa, hata kama imekuuma.

Kwa kromu yenyewe, wenye kompresa na bunduki ndogo ya kupulizia wanaweza kutumia rangi ya Alclad II kwa shinikizo la pauni 12 hadi 15 kwa inchi ya mraba, wakipuliza ukungu mwepesi mara nyingi. Acha pale tu weusi unapogeuka kioo, kwa maana ukiendelea kupuliza kioo hugeuka kijivu. Makopo ya dukani yenye neno la kromu juu yake yanatosha kwa rimu za gari dogo, ila usitarajie kuona uso wako ndani yake. Kwa bampa bapa zisizo na mikunjo mingi, foili nyembamba yenye gundi, inayokatwa kwa wembe mpya na kulazwa kwa kijiti cha pamba, hutoa mng'ao wa chuma halisi kwa kazi ndogo kuliko rangi.

Vanishi ya juu ni jambo la kupima. Karibu kila vanishi hupunguza mng'aro, na ikipakwa kabla kromu haijakomaa huuua kabisa. Kama mdoli ni wa kukaa kabatini, usipake chochote. Kama utashikwa, jaribu kwanza juu ya kijiko cha plastiki ulichokipaka siku hiyohiyo pamoja na kipande, ukitazame baada ya wiki moja, ndipo uamue. Mdoli wa mtoto anayetia vitu mdomoni usipakwe kwa njia yoyote kati ya hizi. Na ukiuuza uliopakwa upya, mwambie mnunuzi ni vipande vipi, kwa sababu wakusanyaji wengi hulipa zaidi kwa kromu ya asili iliyochubuka.