SOMO: Msimbo wa QR, wingi wa data na kiwango cha kurekebisha makosa

Wadau, swali la "kwa nini QR yangu imejaa vidoti vidogo na simu haisomi" limejibiwa humu mara nyingi, majibu yametawanyika. Nayaweka pamoja. Tafadhali someni hadi mwisho kabla ya kuuliza.

Hatua ya 1. Tenganisha ukubwa wa aina mbili. Sentimita unaamua wewe unapochapa. Idadi ya viboksi (vile vidoti vya mraba) inaamuliwa na data pamoja na kiwango cha kurekebisha makosa, yaani uwezo wa msimbo kusomeka hata sehemu yake ikiharibika. Msimbo una matoleo 40, yaani saizi 40 za viboksi: la 1 lina viboksi 21 kwa 21, kila toleo linaongeza 4 kila upande, hadi la 40 lenye 177 kwa 177.

Hatua ya 2. Punguza data. Ondoa kwenye linki kila kisichohitajika, kisha hakikisha bado inafunguka.

Hatua ya 3. Chagua kiwango. L huvumilia uharibifu wa takriban 7%, M 15%, Q 25%, H 30%.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mtu anaona H ni 30%, anaamini ndiyo imara kuliko zote, anaichagua bila kuangalia inakula nini. Uwezo huo wa kurekebisha unatokana na data ya ziada, na data hiyo inahitaji nafasi. Chukua linki ya herufi 40 za kawaida. Kwa L au M inaingia toleo la 3, viboksi 29 kila upande. Kwa Q inapanda toleo la 4, viboksi 33. Kwa H ni toleo la 5, viboksi 37. Ukichapa kwa upana wa milimita 20, kiboksi kimoja kwa M ni karibu milimita 0.69, lakini kwa H kinashuka hadi 0.54. Kamera dhaifu au wino uliosambaa itakushinda hapo, na hakuna kilichochanika wala kuchafuka cha kurekebishwa. H ni ya mahali penye mikwaruzo na uchafu, tena pakiwa na nafasi ya kuchapa kubwa. Kwa karatasi ya kawaida anza na M. Na angalia: kwenye mfano huu L na M zina viboksi sawa, kwa hiyo kuchagua L ni kutupa kinga ya bure.

Hatua ya 4. Acha pambizo tupu la viboksi 4 pande zote. Wabunifu, msiliguse.

Hatua ya 5. Hifadhi kwa SVG (aina ya faili la picha linalokuzwa bila kupoteza ubora), usivute picha ndogo kuwa kubwa.

Hatua ya 6. Jaribu kwenye karatasi iliyochapwa, kwa simu zaidi ya moja. Kwenye skrini haitoshi.

MASWALI

Mdau_A: Mkuu, nikichapa kubwa zaidi si itabeba maneno mengi?
Jibu: Hapana. Hatua ya 1.

Mdau_B: Nataka kuweka maelezo yote ya bidhaa, kurasa tatu, kwa H. Programu inakataa.
Jibu: Toleo la 40 kwa H lina mwisho wa baiti 1,273 (herufi moja ya kawaida ni baiti moja, yaani biti 8). Hata kwa L ni 2,953. Weka maelezo kwenye ukurasa wa wavuti, uchape linki yake.

Mdau_C: Nimechagua L, programu ikanipa M yenyewe. Ni hitilafu?
Jibu: Swali zuri. Si hitilafu. Nafasi inayobaki ndani ya toleo hujazwa baiti zisizo na maana, 236 na 17 kwa kupokezana. Programu nzuri inaona ni afadhali kupandisha kiwango maadamu viboksi haviongezeki. Iache.

Mdau_D: Nimesikia herufi kubwa zinapunguza msimbo. Kweli?
Jibu: Kweli. Kuna hali maalumu ya alama 45: tarakimu, A hadi Z kubwa, nafasi na alama chache kama nukta, mkwaju na nukta mbili. Herufi mbili zinachukua biti 11 badala ya 16. Linki ile ya herufi 40 ikiandikwa yote kwa kubwa, kwa Q inarudi toleo la 3. Angalizo: jina la tovuti halijali kubwa wala ndogo, ila sehemu inayofuata baada ya mkwaju inaweza kujali. Alama ya kuuliza na ya sawasawa hazimo kwenye hizo 45.

Mdau_E: Nimefunika 30% kwa nembo kwa sababu niko H, haisomi. Somo lako lina makosa.
Jibu: Hiyo 30% ndiyo akiba yako yote, na nembo imeimaliza kabla ya vumbi wala mwanga kugusa karatasi. Tena haihusu ile miraba mitatu ya pembeni. Ukiifunika, simu haiuoni msimbo kabisa. Punguza nembo, iweke katikati.

Mdau_F: Nyongeza: msimbo mweupe juu ya rangi nyeusi, baadhi ya programu hazisomi.
Jibu: Asante sana mkuu, ni kweli. Viboksi viwe vyeusi, nyuma pawe peupe. Na ukiwekea plastiki ya kung'aa, jaribu chini ya taa ya mahali utakapoubandika.