Kabla hujaliweka gari juu ya mawe: petroli yenye ethanoli isikumalizie kabureta na pampu

Kabureta ya gari langu mwenyewe ndiyo iliyonifunza. Nililipaki miezi 14 tangi likiwa nusu, kwa hesabu ya kibahili kwamba mafuta yakiwa machache, hata yakichacha hasara haitakuwa kubwa. Nilipolegeza skrubu za bakuli la kabureta, chini nilikuta kimiminika chenye ukungu, na kuta za ndani zimeota unga mweupe kama chokaa. Unga ule haukuingia kutoka nje. Ilikuwa ni kabureta yenyewe, aloi yake ya zinki na alumini, inaliwa. Jeti kubwa, kile kipande kinachopimia petroli inayoingia, ambacho tundu lake halifiki hata milimita moja na nusu, kilizibwa na utando wa rangi ya kahawia unaonata kama gundi. Nilihangaika nayo siku mbili. Floti ilipona, gaskiti haikupona.

Siku hizi watu huniletea magari yaliyolala, na maneno ni yaleyale.

"Fundi, hili nililiacha zima kabisa!"

"Lilikuwa zima, mama. Yaliyougua ni mafuta."

Na mafuta huugua magonjwa mawili tofauti: gundi na maji. Ukiyachanganya, utanunua dawa isiyo yake.

Ethanoli ina makosa yake, lakini si yote

Wengi wakiona ile gundi ya kahawia husema ethanoli, ile pombe inayochanganywa kwenye petroli, ndiyo imefanya. Hapo inasingiziwa. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, vingine vyepesi, vingine vizito. Vile vyepesi ndivyo vinavyofanya injini iwake upesi ikiwa baridi, na ndivyo vinavyotoroka kwanza kupitia kila upenyo. Vinavyobaki hukutana na oksijeni na kugeuka polepole kuwa gundi. Hilo hutokea hata petroli isipokuwa na tone la ethanoli. Kule Brazil, magari ya kutumia ethanoli yalikuwa na kitangi kidogo cha petroli cha kusaidia kuwasha injini wakati wa baridi. Joto lilipokuwepo kitangi hicho hakikuguswa, na petroli iliyokaa humo miezi ndiyo iliyochacha na kuziba njia zake. Yaani kwenye gari la ethanoli, mkorofi alikuwa petroli.

Sasa makosa ya ethanoli yenyewe. La kwanza na kubwa ni kupenda maji. Petroli na maji hazikai pamoja, lakini ethanoli inaelewana na kila upande, kwa hiyo inakuwa mshenga. Kwenye E10, yaani petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10, kila lita inaweza kubeba karibu mililita 5 za maji kwenye joto la nyuzi 15 hivi za Selsiasi, na bado ukaiona angavu. Baridi ikiongezeka, uwezo huo hupungua, ndiyo maana tangi lililokuwa salama jioni linaweza kuharibika alfajiri. Maji yakipita kipimo, mshenga anatoroka na bibi harusi: ethanoli inaiacha petroli, inashikana na maji, na pamoja wanashuka chini ya tangi.

Piga hesabu ya tangi la lita 50. Mililita 5 kwa kila lita ni mililita 250, bilauri moja tu. Lakini kinachoshuka si bilauri moja. Tangi hilo lina lita 5 za ethanoli, na sehemu kubwa yake inashuka na yale maji, kwa hiyo chini unapata lita kadhaa za kitu ambacho si petroli. Na mdomo wa pampu uko wapi? Hukohuko chini. Ukipiga starta, cha kwanza injini inachokunywa ni ile supu. Petroli iliyobaki juu nayo si ile uliyoinunua, kwa sababu imepoteza ethanoli iliyokuwa ikiipandisha okteni, yaani uwezo wa kutolipuka kabla ya wakati. Hata ukiitenga vizuri, injini inaweza kugonga.

Kosa la pili: ethanoli ni kiyeyushi. Kwenye gari la zamani inabandua uchafu wa miaka mingi uliogandamana kwenye kuta za tangi na kuusukuma hadi kwenye filta. Mipira ya mafuta ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake huvimba, ikalainika, kisha ikikauka inapasuka. Matangi ya zamani ya faibaglasi pia huyeyushwa taratibu.

La tatu huja taratibu zaidi. Ethanoli ikikaa muda mrefu na maji na hewa huweza kuchacha ikazaa asidi ya asetiki, ileile iliyomo kwenye siki. Asidi hiyo ikikutana na zinki, alumini au ule mpako wa risasi na bati uliokuwa ukipakwa ndani ya matangi ya chuma ya zamani, unapata ule unga mweupe wangu.

Gari lako litaugua ugonjwa upi?

Hapa natofautiana na mafundi wenzangu wengi wanaotisha watu kwa maji tu. Gari la kabureta ambalo tangi lake linapumua moja kwa moja hewani, ndiyo, liogopee maji. Mchana tangi linapata joto na kutoa mvuke, usiku linapoa na kuvuta hewa yenye unyevu, na hivyo kila siku. Lakini gari la nozeli, yaani linalopulizia mafuta kwa presha badala ya kabureta, lenye tangi la plastiki na mfumo wa mvuke uliofungwa halinywi unyevu kwa kasi hiyo. Maji yakikutwa humo, mara nyingi yaliingia kupitia mfuniko wenye mpira uliochoka, au yalikuja na mafuta kutoka kituoni. Ugonjwa wa gari la namna hiyo ni gundi: kwenye ncha za nozeli na ndani ya pampu.

Kwa hiyo usibahatishe. Kwanza pima petroli yako ina ethanoli kiasi gani. Tafuta chupa nyembamba ya kioo yenye alama za mililita. Ukiwa nje, mbali na moto wowote, tia maji mililita 10, kisha petroli mililita 100. Funga, tikisa vizuri, fungua kidogo kutoa mgandamizo, iache itulie dakika 10. Mstari wa maji ukibaki kwenye 10, hakuna ethanoli. Ukipanda hadi karibu na 20, unayo E10. Hayo "maji" yaliyoongezeka ndiyo ethanoli, imehama mbele ya macho yako. Mafuta ya jaribio usiyarudishe tangini.

Kazi inafanyika kabla ya kulala

Gari likikaa chini ya miezi 2, mimi sisumbuki. Kuanzia miezi 3 ndipo ninaposhika spana.

Ukiweza kupata petroli isiyo na ethanoli, endesha mpaka tangi likaribie kwisha, jaza hiyo, halafu zunguka nayo kidogo ifike mpaka kwenye nozeli. Umeshamaliza robo tatu ya kazi. Usidanganywe kutia mafuta ya ndege ndogo, yale ya 100LL, kwenye gari lenye kichujio cha moshi. Yana risasi, na risasi inaua hicho kichujio pamoja na sensa za oksijeni.

Usipoipata, nunua dawa ya kuhifadhi mafuta na uitie kwenye mafuta *mapya*. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaikumbuka gari likiwa limelala miezi minne, wanaimimina kwenye petroli iliyokwisha kuchacha, kisha wanasema dawa ni feki. Dawa inazuia, haifufui. Tia kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, tia *kabla* ya kujaza ili mafuta yanayoingia yaichanganye, kisha acha injini iungurume dakika 10. Bila hizo dakika 10, dawa imebaki tangini, na kwenye kabureta kumelala mafuta yasiyo na kinga.

Jaza mpaka pampu ya kituo ijikate yenyewe mara ya kwanza, basi. Tangi lililojaa lina hewa kidogo, na hewa kidogo ni unyevu kidogo. Lakini usishindilie hadi mdomoni, maana joto likipanda mafuta yanatanuka na yanahitaji pa kwenda. Tangi langu la nusu lilikuwa limeacha nusu nzima kwa ajili ya hewa. Ule ubahili!

Kwenye gari la kabureta kuna hatua moja zaidi: funga koki ya mafuta, acha injini ikiwa inaunguruma mpaka ijizime, kisha fungua skrubu ya chini ya bakuli umwage kilichobaki. Kama haina skrubu hiyo, fungua bakuli. Ni kazi ya nusu saa. Gari la nozeli usilifanyie hivyo. Pampu iliyo ndani ya tangi inapozwa na mafuta yanayopita ndani yake, na ukiiendesha kavu unaiunguza.

Ukiwa hapo, angalia mipira. Inayofaa kwa ethanoli imeandikwa ubavuni, na ninayoitafuta mimi ni SAE 30R9. Ila huo ni wa nje ya tangi. Kipande kinachozama ndani ya mafuta kiwe 30R10, kwa sababu ule wa kwanza unalindwa ndani tu. Ngozi yake ya nje ikiloweka miezi inageuka tope jeusi, na tope hilo linaelekea kwenye pampu. Nimeshachomoa pampu mpya kabisa, imefungwa na mtu makini, imekufa kwa kipande cha mpira cha urefu wa kidole.

Magari yanayokubali E85, yaani petroli yenye ethanoli hadi asilimia 85, niseme kwa ufupi: mchanganyiko huo unabeba maji mengi zaidi bila kutengana, lakini kwa kulala miezi mingi mimi huutumia ukaisha na kujaza E10 yenye dawa.

Halafu kuna yule ndugu aliyepewa funguo awe anawasha gari kila wiki dakika 5. Mwambie aache. Injini haifikii joto lake kamili, maji ya mvuke yanabaki kwenye oili na kwenye silensa, na mafuta tangini yanapungua huku hewa ikiongezeka. Kama hawezi kuliendesha barabarani nusu saa nzima, aliache lilale.

Siku ya kuliamsha

Usipige starta. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akiniambia, "Mwanangu, nusa kwanza." Petroli nzima ina ukali unaochoma pua. Iliyochacha inanuka kama rangi ya zamani, au ina uchachu wa siki. Vuta kidogo kutoka chini kabisa ya tangi kwa pampu ya mkono, kamwe si kwa mdomo, uweke kwenye chupa ya kioo na uiache dakika chache. Ikiwa angavu na rangi yake ni ya kawaida, una bahati. Ikiwa na matabaka mawili, juu mafuta na chini maji yenye ukungu, tangi lote linamwagwa. Usijaribu kuokoa kwa kutia ile dawa ya kukausha maji yenye spiriti. Unaongeza pombe kwenye mafuta yaliyoharibiwa na pombe.

Kumwaga nako kuna adabu zake. Fanya nje, kamwe si juu ya shimo la gereji, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na unatuama humo ukisubiri cheche. Chomoa waya hasi wa betri. Chombo kiwe kimekaa ardhini, si juu ya zulia la plastiki la buti la gari. Mafuta yaliyotengana peleka panapopokewa taka za sumu, usimwage mtaroni.

Tangi likishakuwa safi, badilisha filta, tia lita 10 za petroli mpya, rudisha betri. Fungua swichi bila kuwasha. Kwenye gari la nozeli utasikia pampu ikinguruma kama sekunde 2 kisha inyamaze. Zima, fungua tena, mara 3 au 4, mfumo ujae. Kabla ya kugusa starta, zunguka gari, pitisha mkono chini ya kila kiungo cha mpira, na unuse vidole vyako. Mpira uliolala mwaka unaweza kuonekana mzima ukavuja pale tu presha inapouingia.

Likiwaka litakohoa kidogo na kumisi dakika za kwanza. Liache, usilikanyagie mafuta. Likiendelea kumisi baada ya kupata joto, nozeli au jeti bado zina gundi, na hizo zinafunguliwa zisafishwe. Baada ya kilomita 200 hivi toa ile filta mpya na uweke nyingine. Uliyoitoa usiitupe kabla hujaigeuza na kumimina kilichomo kwenye kioo, kwa kufuata upande yalikoingilia mafuta: yakitoka na chembe za kutu au rangi ya chai, rudi kwenye tangi, bado halijasafishika.