Kubadilisha soketi ya antena ya BNC iliyochakaa kwenye skana ya redio

Skana ya mkononi, yaani redio ndogo inayopekua masafa mbalimbali, inapoanza kupokea kwa kukatikakatika, wa kwanza kulaumiwa huwa betri au antena, ilhali mara nyingi tatizo liko kwenye soketi ndogo ya BNC, ile ambayo antena hujifunga kwa kusukumwa na kuzungushwa, iliyo juu ya kifaa. Hapa Arusha skana nyingi ninazoletewa ni za watu wanaosikiliza mawasiliano ya ndege za uwanja wa Kilimanjaro (KIA) na zile ndogo zinazoruka kutoka kiwanja cha Kisongo kwenda Serengeti. Vifaa hivi hukaa ndani ya magari, na kiangazi kinapokolea vumbi laini la barabarani hupenya kila penye uwazi. Vumbi hilo likichanganyika na mafuta ya vidole, hula taratibu metali ya soketi kila antena inapozungushwa. Soketi mpya ni ya bei ndogo, lakini bodi inayoibeba haipatikani kirahisi, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kuilinda bodi hiyo.

Hatua ya 1: Thibitisha kwamba soketi ndiyo mbovu

Tafuta kituo cha FM cha mbali ambacho unakipata kwa shida kidogo, kisha tikisa antena huku umeshika shina la soketi lisicheze. Mkwaruzo ukisikika hapo, tatizo liko kwenye mgusano wa ndani. Baadaye ondoa antena, isukume soketi yenyewe kwa kidole na uangalie kama inacheza kwenye kasha. Ikicheza, inawezekana risasi ya kulehemu imepasuka pale inaposhika bodi, na kwa kawaida ufa huo huonekana kwa lenzi kama duara jembamba kuizunguka pini. Katika hali hiyo hakuna haja ya soketi mpya: weka flaksi (dawa inayosaidia risasi kushika), yeyusha risasi upya, kaza nati, na kazi imeisha.

Sasa chungulia ndani ya soketi kwa lenzi na tochi. Tundu la katikati limechanwa kwa makusudi ili midomo yake iibane pini ya antena. Soketi nzima midomo yake hukaribiana sawasawa pande zote. Iliyochakaa mdomo mmoja huwa umelala nje, au umevunjika kabisa. Wapo wanaoirudisha midomo hiyo kwa sindano, nami siwashauri, kwa kuwa shaba iliyokwisha kuchoka hulegea tena baada ya muda mfupi. Angalia pia vijipini viwili vya ubavuni ambavyo kichwa cha antena hujifungia: vikiwa vimelika, antena itachezacheza hata kama tundu la katikati ni zima.

Kabla ya kufungua chochote, toa betri, pima kwa multimita kati ya tundu la katikati na shina la nje, kisha andika kipimo ulichopata. Usishtuke ukikuta karibu sifuri, kwa sababu baadhi ya skana zina koili inayounganisha antena na ethi (upande wa ardhi wa saketi), na kwa mita ya kawaida huonekana kama shoti. Kipimo hicho utakihitaji mwishoni.

Hatua ya 2: Chagua soketi inayofaa

Madukani kwetu BNC zilizojaa zaidi ni za kamera za ulinzi, ambazo ni za omu 75 (kipimo cha ukinzani wa njia ya mawimbi), wakati skana imetengenezwa kwa omu 50. Zote hufungana bila shida, na kwa masafa ya ndege tofauti ya upokeaji ni ndogo, lakini kwa kuwa unafanya kazi ya kudumu ni vyema utafute iliyo sahihi. Dalili ya kuangalia ni kihami cheupe cha ndani: kwenye aina nyingi za omu 50 hufunika sehemu kubwa ya nafasi inayolizunguka tundu la katikati, na kwenye nyingi za omu 75 sehemu hiyo huwa imeachwa wazi. Chagua yenye kihami cha teflon, maana plastiki ya kawaida hulainika kwa joto la kulehemu. Ukikosa Arusha au Moshi, agiza Kariakoo, ila kwanza pima kwa kalipa umbali kati ya miguu ya soketi ya zamani, kwa sababu miguu isiyolingana na matundu haikunjwi ikaingia bila kuumiza bodi.

Hatua ya 3: Fungua kasha

Gusa chuma kilichounganishwa na ethi ili kuondoa umeme tuli mwilini, kwani transista ya kwanza baada ya antena huharibika kirahisi. Vuta vitufe vya kuzungusha, fungua nati ya soketi na skrubu za nyuma, na upige picha kila hatua. Tenganisha kasha polepole, maana kati ya bodi na kioo huwa kuna utepe mwembamba wa nyaya.

Hatua ya 4: Ondoa soketi ya zamani

Hapa ndipo bodi nyingi hufia. Miguu ya nje ya soketi imeshikana na eneo pana la shaba ya ethi, ambalo hunyonya joto haraka kuliko kifaa cha kulehemu kinavyoweza kulileta; fundi akikosa subira huvuta kwa koleo kabla risasi haijayeyuka, na pete ya shaba iliyo ndani ya tundu hutoka pamoja na mguu.

Njia salama ni kuikata soketi vipande. Kata kwanza pini ya katikati kwa koleo dogo la kukatia, halafu kata kila mguu peke yake mpaka shina litoke bila moto wowote. Vikibaki visiki, weka flaksi, ongeza risasi mpya kidogo juu ya kila kimoja ili ile ya kiwandani, ambayo mara nyingi haina madini ya risasi na huyeyuka karibu na nyuzi 217, ichanganyike na ya 60/40 (bati asilimia 60, madini ya risasi 40) na kuyeyuka kwa joto la chini zaidi. Tumia ncha pana yenye nyuzi 350 hivi. Kama kifaa chako hakina kidhibiti joto, epuka kazi hii jioni umeme unapokuwa mdogo, kwa sababu ncha itapoa kila ikigusa ethi. Kisiki kikianza kucheza, kitoe kwa kibano bila kukilazimisha. Safisha matundu kwa utambi wa shaba wa kunyonyea risasi, kisha futa flaksi yote kwa spiriti.

Hatua ya 5: Funga soketi mpya

Ingiza soketi kwenye bodi bila kulehemu, rudisha bodi ndani ya kasha, na ukaze nati huku umeishika soketi isizunguke. Ukilehemu kwanza na kukaza nati baadaye, miguu itabaki inavutana na kasha, na ule ufa wa duara utarudi. Chomeka kichwa kizima cha BNC kwenye soketi kabla ya kuwasha moto, ili kiishike midomo ya katikati mahali pake kihami kinapopata joto. Lehemu mguu mmoja wa ethi, hakikisha soketi imesimama wima, ndipo umalizie mingine. Pini ya katikati iwe ya mwisho, kwa sekunde mbili au tatu tu. Kama skana yako inatumia kipande cha waya kutoka soketi hadi bodi, kifanye kifupi kadiri inavyowezekana.

Hatua ya 6: Pima na ujaribu

Rudia kipimo cha multimita na ukilinganishe na ulichoandika. Kama mwanzo mita haikuonyesha muunganiko na sasa inaonyesha sifuri, kuna tone la risasi lililogusa ethi. Kipimo kikilingana, rudisha betri, tafuta kile kituo cha FM cha mbali na utikise antena. Halafu hamia MHz 118 hadi 137 katika hali ya AM, usubiri rubani aongee na mnara.

Ikiwa unatumia antena ndefu ya kuvuta, au adapta nzito ya kuunganisha antena ya juu ya gari, usiifunge moja kwa moja kwenye soketi mpya, kwa kuwa uzito wake huikandamiza upande mmoja kila gari linaporuka shimo. Weka katikati kipande cha RG-174, waya mwembamba wa antena, cha nusu mita: kinapoteza mawimbi kidogo mno kwa masafa haya, na mitikisiko yote huishia kwenye waya.