Kabla ya Kupanda Tshivanga: Mambo ya Kuzingatia kwa Wakazi wa Bukavu

Kutoka Bukavu hadi Tshivanga, kwenye lango la Hifadhi ya Kahuzi-Biega, ni kiasi cha kilomita 30, na ukaribu huo ndio unaowaponza wengi. Anayekwenda Kinshasa hujiandaa wiki nzima, lakini anayekwenda kupumzika katika milima ya Kabare huondoka na nguo alizozoea kutembelea mjini, mitaa ya Ibanda, chupa moja ya maji, na imani kwamba mengine yatapatikana hukohuko.

La kwanza kuuliza, kabla hata ya kuzungumzia mavazi au chakula, ni kama barabara inapitika na kama hifadhi inapokea wageni siku hiyo. Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1980, na tangu 1997 imo pia katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa vita vimepita humo mara kwa mara. Kwa sababu hiyo habari ya mwezi uliopita haitoshi kumwondoa mtu nyumbani na watoto wake. Waulizwe wahusika wa hifadhi, kisha waulizwe madereva walioteremka asubuhi hiyohiyo kutoka Miti, kijiji kilicho njiani. Majibu yao yakipingana, safari iahirishwe bila mjadala mrefu, hata kama chakula kimekwisha kupikwa.

Likizo kubwa ya shule, Julai na Agosti, inaangukia kiangazi, na huo ndio wakati mzuri zaidi, ingawa vumbi la barabara ya udongo kuanzia Miti litaingia hadi kwenye masikio. Anayechagua Noeli au Pasaka atambue kwamba amechagua mvua: barabara huteleza, ukungu hufunika vilele, na gari lisilo na nguvu kwenye magurudumu yote manne linaweza kuwalazimu abiria kushuka na kulisukuma.

Kuhusu baridi, hesabu yenyewe ni rahisi. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila mtu anapopanda mita 1,000. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, Tshivanga iko zaidi ya mita 2,000, na kilele cha Kahuzi kinafika mita 3,308. Maana yake ni kwamba kileleni kuna baridi inayozidi ile ya ufukweni kwa nyuzi 11 hivi, kabla upepo haujaongeza yake. Suruali ya jinsi, ambayo vijana wengi huiona kuwa vazi la safari, haifai kabisa, kwa sababu ikilowa huwa nzito na haikauki kutwa nzima. Ni afadhali suruali nyepesi, sweta, na koti la mvua, vitu ambavyo soko la Kadutu linavyo kwa bei nafuu kwa mwenye subira ya kupekua mitumba. Soksi ziwe ndefu, na miguu ya suruali iingizwe ndani yake, kwani siafu wa msitu ule hawabishi hodi: hupanda kimyakimya hadi magotini, kisha huuma wote kwa pamoja. Glavu za kulimia nazo zina kazi yake, maana mtu anayeteleza hushika mmea wowote ulio karibu, na mingi kati ya hiyo huwasha au ina miiba.

Walio na nia ya kuwaona sokwe wakubwa, yaani gorila, wana masharti yao. Watoto walio chini ya miaka 15 kwa kawaida hawaruhusiwi, na mwenye mafua au kikohozi anapaswa kubaki nyumbani hata kama amekwisha kulipa, kwa kuwa gorila huambukizwa magonjwa yetu ya kifua na yanaweza kuwaua. Barakoa huvaliwa, umbali unaoelekezwa na mlinzi huheshimiwa, na mmweko wa kamera huzimwa. Familia yenye watoto wadogo ingefanya vyema kuelekea Lwiro, ambako kituo cha utafiti kilianzishwa mwaka 1947 na ambako, tangu 2002, wanatunzwa sokwemtu na nyani waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wachuuzi; huko pia ruhusa iombwe mapema. Kuunganisha Lwiro na gorila katika siku moja ni tamaa tu: sehemu kubwa ya siku itapotelea ndani ya gari.

Wageni wanaotoka mabondeni, kama vile ndugu wa Kinshasa au wa Uvira, wasipelekwe kwenye kilele cha Kahuzi kesho yake tu baada ya kuwasili. Mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea hewa nyepesi, na anayeumwa kichwa na kusikia kichefuchefu akiwa njiani dawa yake ni kuteremka, wala si kutiwa moyo aendelee.

Kila mtu mzima abebe kitambulisho. Kwa Wakongo wengi ni kadi ya mpiga kura. Fedha ziwe za aina mbili: franka ndogondogo kwa maparachichi na ndizi za sokoni Mudaka, na dola zikaguliwe moja moja usiku wa kuamkia safari, kwa kuwa noti yenye mchaniko mdogo kama ukucha hukataliwa, na juu mlimani hakuna wa kuibadilisha. Kutegemea kulipa kwa simu si busara mahali ambapo mtandao huja na kuondoka. Katika vijiji vya kando ya msitu, vikiwemo vya Batwa, wenyeji wa msitu walioondolewa humo hifadhi ilipoundwa, mtu asipigwe picha kabla hajaombwa na kukubali.

Mwisho, saa ya kurudi ipangwe kabla ya saa ya kuondoka, na dereva aambiwe mbele ya wote. Jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni majira yote, kwa hiyo gari liwe limekwisha kuondoka Tshivanga ifikapo saa tisa, ili hata gurudumu likipasuka litengenezwe mchana, na Miti ipitwe kungali na mwanga.